Kumsahihisha Mzee Lazaro

Jumatatu, 1 Septemba

Vitenzi ishirini kabla ya chai, kama kawaida. Leo vya -ere. Ve-DE-re, mkazo katikati. PREN-de-re, mkazo mwanzoni. Herufi za mwisho zilezile, uzito mbali mbali. Hakuna anayekwambia sababu. Unakariri kimoja kimoja mpaka mdomo uzoee.

Sisi tumelelewa kwa raha. Neno la Kiswahili liwe refu au fupi, uzito unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwisha habari. Waitaliano wanauhamisha wanavyotaka. Ndiyo maana wengi wetu tukizungumza Kiitaliano tunasikika tunaimba wimbo mwingine kabisa. Mimi sisikiki hivyo. Nimehangaika miaka mitatu nisisikike hivyo.

Nagonga meza kwa kidole huku nasema. Pigo zito penye mkazo, mapigo mepesi kwingine. Mtindo huu nimeuiba kwa Baba, ambaye hagusi gogo la mpingo na tezo kabla hajaligonga kusikia kama lina ufa ndani. Yeye yupo uani tangu kumepambazuka, anagonga yake. Mimi ndani nagonga yangu. Majirani wa Chang'ombe wameshatuzoea.

Ijumaa ni somo la majaribio. Kituo chetu cha lugha kiko Kinondoni, na sasa kinafungua darasa la Kiitaliano huku kwetu Temeke. Mwalimu anatakiwa mmoja. Tumebaki wawili, mimi na Fredi. Fredi amekaa Italia miaka miwili, alikuwa anafanya kazi hotelini. Mimi hata ndege sijapanda. Lakini mtihani wa mwisho nilimpita, na si kwa kubahatisha. Daftari ni langu, nitaandika ninavyotaka: Temeke nzima hakuna anayejua mkazo wa vitenzi vya Kiitaliano kunishinda mimi, Anjelina, karani wa stoo ya kiwanda cha sabuni.

Jumatano, 3 Septemba

Bosi kanipa ruhusa ya Ijumaa. Kaniuliza Kiitaliano kitanisaidia nini kwenye sabuni. Nikacheka tu.

Nimechora chati kwenye manila. Silabi kwa kalamu nyeusi, mkazo kwa nyekundu. PAR-lo, nazungumza. Par-LIA-mo, tunazungumza. PAR-la-no, wanazungumza. Hapo kwenye wanazungumza ndipo Mswahili yeyote anapoangukia. Halafu a-SPET-ta-no, wanasubiri. Silabi zetu karibu zote zinaishia kwenye irabu, kwa hiyo ile t ya kwanza, inayobaki imening'inia kwenye spet, inatupa tabu. Wanafunzi wangu nitawaambia waishike kidogo kabla ya kuiachia. Kisha te-LE-fo-na-no, wanapiga simu. Uzito umekaa mbali kule, silabi tatu nyuma yake zinakimbizana bila msaada. Naipenda sana hii. Nikiisema vizuri najiona mtu.

Baba kaja kuangalia. Kauliza hivyo vyekundu ni nini. Nikamwambia ndipo sauti inapokandamizwa. Akasema, "Kumbe ngoma," akarudi uani.

Nimeudhika. Wenzake kule kibandani wanakochonga vinyago wakimuuliza binti yako anafanya nini, anawajibu "anasomasoma." Nimemsikia kwa masikio yangu. Miaka mitatu ya kusomasoma.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeharibu.

Jumamosi, 6 Septemba

Niandike yote, labda nitapumua.

Wanafunzi sita, darasa la wanaoanza. Signora Paola, mkuu wa kituo, kakaa nyuma na kijidaftari chake. Mimi nimevaa gauni la kitenge cha bluu, chati iko ukutani. Nilianza vizuri. Sijivuni, nilianza vizuri sana.

Mbele kabisa alikaa Mzee Lazaro. Mstaafu wa reli, mtu wa Mbeya, umri umeshapita sabini, suti ya kaunda imenyooka. Mlangoni nilimpa shikamoo yake, akaipokea kwa mikono miwili. Ana sauti ya mtu aliyezoea kuita treni. Nikasema someni, akaongoza yeye: par-LA-no! Te-le-fo-NA-no! Kwa nguvu, bila wasiwasi, mkazo wa Kiswahili mtupu. Na kwa kuwa mkubwa ameongoza, wengine wote wakaitikia vilevile. Ndivyo tulivyofundishwa tangu darasa la kwanza. Anayeongoza anaongoza, nyie mnaitikia.

Nilisikia. Kidole changu kilikuwa mezani na nilisikia kila pigo likianguka pasipo pake. Mdomo ukagoma. Mtu niliyemwamkia dakika kumi zilizopita, mwenye umri wa kumzidi baba yangu, nimwambie mbele za watu amekosea? Nikasema, "Vizuri sana, Mzee." Nilisema mara tano. Mwishoni hata Neema, msichana aliyekuwa akipatia tangu mwanzo, naye akahamia kwa Mzee.

Somo lilipoisha Signora aliniuliza: hukusikia? Ningeweza kusema sikusikia. Lakini mimi masikio yangu ndiyo kitu pekee ninachojivunia kwenye lugha hii. Nikamwambia nilisikia, yote. Akaandika. Akaniuliza tena, taratibu, kwa Kiswahili chake kizuri, sasa nani atamwambia?

Nikaenda kukaa nyuma, chati nikaisahau ukutani.

Kisha akaingia Fredi, wanafunzi walewale. Yeye alimkata Mzee hapohapo. "Hapana Mzee, umekosea. Hapana, bado. Hapana." Darasa likacheka. Mzee Lazaro akafunga kitabu, akakunja mikono, hakufungua tena kinywa mpaka somo likaisha. Signora hilo nalo hakulipenda. Kaamua wote wawili turudie Ijumaa ijayo, wanafunzi hao hao. Hakuna nafasi ya tatu.

Kwenye ngazi Fredi kanisubiri. "Sista, hizo heshima zako zitakuponza. Hili ni darasa, siyo msibani." Namchukia kwa sababu amesema kweli nusu.

Jumapili, 7 Septemba

Ibada imeisha sikumbuki hata somo. Nilikuwa najibishana na Signora kichwani.

Nikiulizwa leo, nitafanya vilevile. Siwezi. Marehemu mama angefufuka anizabe kofi.

Na kazi naitaka.

Jumanne, 9 Septemba

Nilipotoka kazini nikaenda Kinondoni kuchukua chati yangu. Kwenye benchi la nje kakaa Mzee Lazaro, simu mkononi, miwani puani. Nikaamkia. Nilitaka kupita. Akapiga benchi kwa kiganja, nikakaa.

Sikujua kwa nini anasoma. Nilidhani ni wale wastaafu wanaotafuta pa kwenda mchana. Kumbe binti yake kaolewa Italia. Ana mjukuu wa miaka sita, Giulia, hajui neno hata moja la Kiswahili. Kila Jumanne saa kumi na moja jioni binti anapiga simu, na Mzee anamwandalia mjukuu sentensi tatu. Anaziandika kwenye karatasi. Leo alinionyesha. Hazina kosa, zimeandikwa kwa mwandiko wa wazee ule wa kulala upande.

Akaniambia, nanukuu kama alivyosema: "Mwanangu, mie mjukuu wangu ananicheka. Nikisema tu, anacheka, anamrudishia mama yake simu. Sasa nakuja hapa nisaidiwe, kila mtu vizuri Mzee, vizuri Mzee. Vizuri gani hiyo? Yule kijana naye alinisema, ila watu walivyoanza kucheka sikusikia tena alichosema."

Nilitamani ardhi ipasuke. "Vizuri sana, Mzee" ni maneno yangu.

Nikafungua mdomo nimwambie palepale. Simu ikaita. Uso wake wote ukabadilika, akawa mtu mwingine, akanipungia mkono kwamba tutaongea. Nikaondoka kumpa nafasi. Nilikuwa sijafika getini nikamsikia anaanza, kwa ile sauti ya treni, na kila pigo pasipo pake. Halafu kicheko chembamba cha mtoto kikatoka kwenye simu. Halafu sauti ya mwanamke.

Nilidhani namheshimu. Nilikuwa najilinda mimi. Nimelia njiani, na sioni aibu kuandika.

Jumatano, 10 Septemba

Nimemuuliza Baba.

Sikumwambia habari za mkazo. Nilimuuliza tu, pale kibandani kwenu mtu mzima kuliko wewe akiharibu kinyago, mnafanyaje?

Akaweka tezo chini. Baba haweki tezo chini kwa ajili ya maswali yangu. Akanipa habari za Mzee Chitanda, waliyetoka naye Newala, aliyemfundisha kushika patasi. Macho ya Mzee Chitanda yamepungua. Mwaka jana akaanza kukata ndani mno, vinyago vinapasuka shingoni. Hakuna aliyemwambia. Baba akahamisha kigoda chake, akaenda kukaa ubavuni mwake. Akachukua gogo lake mwenyewe. Akawa anakata mahali palepale anapokata mzee, taratibu, kwa sauti ya kusikika. Siku ya kwanza mzee akaendelea vilevile. Siku ya pili Mzee Chitanda akasimamisha mkono, akasikiliza. Mlio wake na mlio wa jirani haifanani. Akapunguza nguvu mwenyewe.

"Ukimwambia umekosea, umemnyang'anya tezo," Baba kasema. "Sie tunakaa naye tu. Sikio lake linamwambia."

Hatujazungumza kirefu hivyo tangu mama afariki.

Nikamwomba vipande vya mpingo, vile vidogo vinavyobaki. Jozi nane. Akauliza vya nini. Nikachukua viwili nikamgongea. PAR-la-no. Zito, jepesi, jepesi. Akavichukua mkononi, akajibu. Sawasawa. Nikampa a-SPET-ta-no. Akajibu, na ile t akaishika kidogo kabla ya kuiachia, bila kuambiwa! Nikampa te-LE-fo-na-no nimkomoe. Akajibu.

Miaka mitatu nimesotea kitu hiki. Yeye dakika mbili. Nimekasirika na nimefurahi kwa pamoja, sijui nifanye nini na uso wangu.

Alhamisi, 11 Septemba

Jozi nane ziko tayari, Baba kazipiga msasa zote mpaka zinang'aa. Sikumwomba azipige msasa.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo naandika kwa furaha.

Sikuweka chati ukutani. Sikusimama mbele. Nilivuta kiti cha mwanafunzi nikakaa ubavuni mwa Mzee Lazaro, bega kwa bega. Kila mtu nikampa jozi yake ya mpingo. Na Signora pia, akaipokea kama mtu aliyepewa kifaranga. Nikatoa sheria mbili. Unasema na unagonga, pigo zito pale mdomo unapokandamiza. Na hakuna kumsahihisha mtu.

Wanazungumza. Mzee akaongoza: par-LA-no! Mapigo mazito sita yakaanguka katikati pamoja na lake. Langu likaanguka mwanzoni, peke yake. Nilisikika mjinga. Sikusimama, sikueleza. Tena. Mapigo sita katikati, langu mwanzoni. Nikaona Signora kaacha kuandika. Moyo unaniambia, Anje, unajichimbia kaburi, fungua mdomo useme. Nikaufunga.

Mara ya tatu Neema akahamia kwangu. Mara ya nne kijana wa nyuma, halafu Signora mwenyewe. Sasa zilikuwa kambi mbili zinagombana. Mara ya tano Mzee Lazaro akainua mkono, kama anasimamisha treni.

"Ngojeni kwanza."

Akaniambia nigonge peke yangu. Nikagonga. Akagonga yake peke yake. Akainamisha kichwa, akagonga yangu. Akagonga yake. Akagonga yangu tena, safari hii na mdomo ukafuata: PAR-la-no. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake.

"Kumbe mie ndiye ninayewapoteza siku zote hizi!"

Akacheka. Kacheka yeye kwanza, kwa sauti ile ile, na kwa kuwa ameongoza, tukaitikia. Hakuna aliyemcheka. Tulicheka naye.

Baada ya hapo sikuwa na kazi. Mzee aliichukua telefonano akaivunja vipande na kuiunga mara tisa. Anayekosea anaangaliwa juu ya miwani mpaka arudie. Fredi alikuwa mlangoni anasubiri zamu yake, akawa anagonga fremu kwa kucha kutufuatisha. Mzee akamwambia, "Kijana, unachelewa." Na kweli alikuwa anachelewa. Kanitazama mimi. Nikatazama dari.

Wakati wa kukusanya jozi, moja haikurudi. Signora kaomba abaki nayo.

Nimefanya jambo leo. Hata wasiponichukua, nimelifanya.

Jumamosi, 13 Septemba

Wasiponichukua nitakufa.

Jumatatu, 15 Septemba

Simu imeingia nikiwa stoo, katikati ya katoni. Darasa la Temeke ni langu. Jumatatu na Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Nimepiga kelele, mlinzi kakimbilia ndani akidhani nyoka.

Fredi kanitumia ujumbe. Kaandika hongera, na kwamba amebakizwa Kinondoni kusaidia, na kama ninaweza kumtafutia jozi moja ya vile vimti. Ana roho nzuri yule, nikubali tu. Vile vimti! Nitampa.

Nimepita kibandani kumwambia Baba. Wenzake wote walikuwepo, vumbi la mpingo limewajaa hadi kwenye kope. Nikasema, Baba, nimepata. Akasema, "Haya." Akaendelea na kazi.

Haya. Nimetoka na furaha yangu nikaja kuila peke yangu nyumbani.

Jumatatu, 29 Septemba

Somo la kwanza. Wanafunzi kumi na mmoja. Nilifika mapema kufuta ubao, na nilikuta mtu kashatangulia kwenye kiti cha mbele. Suti ya kaunda. Kasafiri kutoka Ubungo anakokaa mpaka Temeke, na Kinondoni ni karibu naye zaidi.

Nikamwambia, "Shikamoo, Mzee."

Akasimama. Mtu wa umri ule akanisimamia. "Marahaba, mwalimu."

Sijawahi kuitwa hivyo na mtu ninayemwamkia. Ilibidi nigeuke kwenye ubao uliokwisha kufutwa, niufute tena.

Kaniletea habari. Jumanne iliyopita Giulia hakucheka. Alimjibu. Mzee hakuelewa jibu, lilikwenda kasi mno, lakini mtoto akarudia, halafu akaendelea kuongea mpaka mama yake alipokuja kumwita akale. Kwa hiyo sasa Mzee anataka masikio. Mdomo anao, kasema, nimpe masikio. Nitampa.

Katikati ya somo nikaona watu watatu dirishani. Baba, na shati lake jeupe la kanisani, na Mzee Chitanda kashikwa mkono, na mwenzao mmoja. Baba kabeba kiroba. Hawakuingia. Walisimama pale nje mpaka mwisho, wanafunzi wangu wanagonga meza kwa mikono kwa sababu jozi zilikuwa hazitoshi.

Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia. Sauti ya chini, Baba hana nyingine. "Huyo mnayemwona mbele, binti yangu huyo. Watu wazima wanamwita mwalimu."

Kirobani mlikuwa na jozi ishirini, zote zimepigwa msasa. Alizianza lini, sijui. Nahesabu siku tangu aliponiambia "Haya," nadhani alianza siku hiyo hiyo.

Tulirudi nyumbani pamoja. Karibu na mlango akauliza, kuchonga Waitaliano wanasemaje? Yaani wao, wachongaji, wanachonga. Nikamwambia: in-TA-glia-no. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kunawa.

Jumanne, 30 Septemba

Asubuhi. Chai bado sijaigusa. Sijashika vitenzi vyangu leo, nimekaa tu kitandani, dirisha wazi.

Uani Baba ana gogo jipya. Analigonga kabla ya kuanza, kama siku zote. Jepesi, zito, jepesi, jepesi. Anatulia. Anarudia.

Amepatia. Nimeacha chai ipoe.